Mwongozo Unapozidi Kurefuka



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kwa mbali linaonekana la mafundi wachache. Programu huria za sauti, zile ambazo yeyote anaweza kuzichukua, kuusoma msimbo wake na kuubadilisha, zimejijengea sifa ya kuwatoa watu jasho. Zina uwezo mkubwa na zinakera. Sasa mtu ana nia njema na ana muda wa kujitolea. Afanye lipi? Aandike mwongozo wa kuieleza programu kama ilivyo, au aifanyie marekebisho programu yenyewe ili watu wasihitaji kuelezwa?

Jibu langu nalitoa mapema, ili asiyelipenda apate muda wa kuandaa maswali. Mimi nasema mwongozo uandikwe, tena uandikwe kwanza, lakini anayeuandika awe anatafuta kurasa za kufuta. Kila mahali maelezo yanaporefuka, ajiulize urefu huo umeletwa na nini. Kama umeletwa na sauti yenyewe, ambayo ni somo gumu tangu zamani, basi hiyo ni kazi ya mwalimu. Kama umeletwa na programu, ukurasa huo umepelekwa kwa mtu asiyehusika. Ulipaswa kwenda kwa wanaoandika msimbo.

Nianze na Audacity, kwa sababu ndiko wengi wenu mlikoanzia. Ukiingia kwenye redio za jamii, kwa vijana wanaotengeneza podikasti, hata kwa mzee wa kanisa anayerekodi mahubiri ya Jumapili, hukosi kuikuta. Ilianza mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani, mikononi mwa Dominic Mazzoni, aliyekuwa mwanafunzi, na mwalimu wake Roger Dannenberg. Toleo la kwanza kutolewa hadharani lilitoka Mei 2000. Haikuzaliwa kwa ajili ya mtangazaji mwenye taarifa ya habari ya saa saba mchana. Ilikuwa chombo cha watafiti waliotaka kuiona sauti kwenye kioo na kuichambua, na asili hiyo haikuitoka haraka.

Chukueni jambo moja tu, kuhifadhi kazi. Hadi mwanzoni mwa 2021, ukihifadhi mradi wa Audacity ulipata vitu viwili kwenye diski. Kimoja kilikuwa faili ndogo inayoishia na .aup. Ndani yake hamkuwa na sauti hata chembe, bali maandishi ya kuelekeza kipande kipi kikae wapi. Cha pili kilikuwa folda yenye jina lile lile, likifuatiwa na _data, na humo ndimo sauti ilimokaa, imekatwakatwa vipande visivyozidi megabaiti moja kila kimoja. Pigeni hesabu. Kwa mpangilio wa kawaida wa programu ile, sampuli 44,100 kwa sekunde na kila sampuli baiti 4, megabaiti moja hubeba takriban sekunde 6 za chaneli moja. Mahojiano ya saa moja yaliyorekodiwa kwa stereo yakawa faili zaidi ya 1,200, zote zikiwa na majina ya herufi na tarakimu yasiyomwambia mtu lolote.

Waliobuni hivyo hawakuwa wajinga. Diski za mwaka 2000 zilikuwa za polepole. Ukikata kikohozi cha sekunde mbili katikati ya rekodi ya saa nzima, ilikuwa nafuu kubwa kugusa vipande viwili vitatu kuliko kuiandika upya faili yote. Kwa mashine, huo ulikuwa ubunifu safi. Sasa mfikirieni mtangazaji anayetaka kumpelekea mhariri kazi kwa flashi. Anafungua folda, anaona faili yenye jina la kipindi chake, anainakili, anaondoka zake. Mhariri akiifungua kule aliko, hakuna kitu. Au siku ya kusafisha kompyuta ya studio mtu anakutana na folda nzito iliyojaa majina yasiyoeleweka, anaona ni takataka, anaifuta ili apate nafasi. Kipindi kimekwenda, na aliyekifuta amelala usingizi mzuri akijua ametenda wema.

Na mwongozo ulikuwa umesema! Ulisema kwa lugha safi, tena mahali pengi, kwamba faili na folda yake visitenganishwe. Programu yenyewe ilikuwa ikitoa kidirisha cha onyo kila ukihifadhi, ikikueleza kwamba Save Project si kutengeneza faili ya sauti, na kwamba ukitaka faili itakayofunguka kwingine utumie Export. Chini ya onyo palikuwa na kisanduku cha kuweka alama ili onyo lisirudi tena. Mnadhani mtu mwenye haraka alifanya nini na kisanduku hicho?

Hapa naomba tukae kidogo. Wale walioandika maonyo yale walifanya kazi yao kwa uaminifu, na sitaki mtu atoke humu akidhani nawacheka. Tatizo ni kwamba walikuwa wanamfundisha binadamu kuishi na uamuzi wa ndani wa programu, uamuzi ambao hauhusiani kabisa na kazi yake. Mtangazaji hana sababu ya kujua sauti yake imekatwa vipande vingapi. Mwaka 1987 John Carroll na Mary Beth Rosson, wakiwa watafiti wa IBM, waliandika juu ya kitu walichokiona kwa watu wanaojifunza kompyuta: mtu amekuja kufanya kazi, hakuja kusoma. Hata ukimwekea kitabu mkononi atabofya kwanza, na atakirudia kitabu akishakwama. Wao waliona huo ni mwenendo wa kawaida wa mtu mwenye akili timamu, na kwamba kifaa kitengenezwe kwa ajili ya mtu huyo. Carroll akaendelea hadi kutetea miongozo mifupi sana, inayomwacha mtu aanze kazi mara moja na kumsaidia zaidi pale anapokosea.

Machi 2021 Audacity 3.0 ikatoka na faili moja, .aup3, ambayo kwa ndani ni hifadhidata ya SQLite. Vipande bado vipo, maana hoja ya kasi ilikuwa ya kweli, ila vimefungiwa pamoja. Ukinakili faili umenakili kazi yote. Zile kurasa za onyo kuhusu folda ya _data hazikuboreshwa wala kutafsiriwa upya. Zilikosa kazi. Huo ndio ushindi ninaouzungumzia, ingawa bado ulidai gharama. Matoleo ya zamani hayaifungui .aup3, kwa hiyo studio yenye kompyuta mbili za umri tofauti ilijikuta na mgawanyiko. Zikahitajika nasaha mpya kuhusu nafasi ya diski, na kuhusu kutofanyia kazi mradi ukiwa ndani ya folda inayojilandanisha na intaneti. Marekebisho hayaumalizi mwongozo. Yanauhamisha kwenye mambo mengine, na tukibahatika yanakuwa machache.

Mfano mdogo zaidi, lakini umewaliza walimu wengi. Unacheza rekodi, unabonyeza kitufe cha kusimama kwa muda, unachagua sekunde kadhaa, unakwenda kwenye menyu ya madoido ili uongeze sauti. Yote yamefifia kijivu, hayabofyeki. Unabofya, unabofya tena, unadhani programu imeharibika. Jibu lilikuwa kwamba kusimama kwa muda hakukuhesabiwa kuwa kusimama. Ubonyeze kwanza kitufe cha mraba. Kwa miaka mingi swali hilo lilikaa katika orodha za maswali yanayoulizwa mara kwa mara, na jibu lake likakaa chini yake, limetulia kabisa. Jamani, swali likishaulizwa mara kwa mara hadi likapewa orodha yake, mtengenezaji wa programu anangoja ishara gani nyingine? Katika matoleo ya baadaye, ukichagua amri wakati umesimama kwa muda, programu inajisimamisha yenyewe na kuendelea na ulichoomba. Aya nzima ya mwongozo imeisha kwa hatua ambayo mashine ingeweza kuichukua tangu siku ya kwanza.

Lakini nisije nikajenga hoja ya upande mmoja, kwa sababu yapo mambo ambayo mwongozo ndio ulikuwa dawa pekee. Kwa miaka mingi Audacity haikuweza kutoa faili ya MP3 yenyewe. Ilibidi uitafute maktaba ya nje iitwayo LAME, uipakue, kisha uionyeshe programu imekaa folda gani. Wapya waliona ni ukorofi mtupu. Sababu ilikuwa sheria: MP3 ilikuwa na hataza, na kuisambaza pamoja na programu ya bure kungewaingiza watu kwenye madai. Hakuna mbunifu wa skrini ambaye angeliondoa tatizo hilo kwa kupanga vitufe vizuri. Katika hali ile, ukurasa ulioeleza hatua kwa hatua namna ya kuiweka LAME ulikuwa na thamani kubwa. Mwaka 2017 mpango wa leseni za MP3 ukafungwa baada ya hataza kuisha, na mwaka 2019 Audacity 2.3.2 ikatoka LAME ikiwa ndani tayari.

Ukaja ugonjwa mwingine sasa. Nakala za maelekezo ya zamani zilikuwa zimeshasambaa katika vijitabu vya semina na kurasa za watu binafsi, nazo hazisikii habari ya toleo jipya. Mtu anaendelea kutafuta maktaba asiyoihitaji, tena pengine kwenye tovuti zinazompakulia mengine asiyoyaomba. Anayeandika mwongozo anaahidi kuurudia, na ahadi hiyo ndiyo huvunjwa kuliko zote. Msimbo ukirekebishwa, kila anayesasisha anaupata. Kurasa mlizochapa mkagawa kwenye warsha hazina njia ya kujisasisha.

Lipo pia eneo ambalo hata programu bora duniani haitatuokoa, nalo ni sauti yenyewe. Ukirekodi kwa nguvu kupita kiasi, mawimbi yakagonga dari ya 0 dB, vilele vinakatwa na sauti inakwaruza. Sehemu kubwa ya kilichokatwa hairudi. Programu inaweza kukuwekea kipimo kinachogeuka chekundu, na ikifanya hivyo imetimiza wajibu wake. Kujua kwamba uache nafasi, vilele vifike kama −6 dB na visizidi, kujua kwamba maikrofoni isogezwe kabla ya kugusa kitufe chochote, kujua kwamba feni ya darini inasikika hata kama masikio yako yameizoea: hayo yanafundishwa. Vivyo hivyo kiwango cha sampuli. Tukikificha ili kumrahisishia mtu, siku atakapopewa rekodi ya 48,000 kutoka kwenye kamera na nyingine ya 44,100 kutoka kwenye kirekodi cha mkononi, hatakuwa na pa kushika. Nawaogopa wabunifu wanaodhani kila neno gumu kwenye skrini ni kosa. Mengine ni magumu kwa sababu fani ni ngumu, na mtangazaji aliyefundwa anayahitaji.

Tuhamie kwenye Linux, ambako swali hili limekuwa na maumivu zaidi. Waliowahi kuweka Linux kwenye kompyuta wakakuta haitoi sauti, inueni mikono. Naona. Wengi wenu mliambiwa mfungue programu ya alsamixer. Ni skrini nyeusi yenye nguzo zilizosimama, kila moja na jina fupi chini yake, na chini ya nguzo fulani kuna herufi mbili, MM. Maana yake nguzo hiyo imenyamazishwa. Uifikie kwa vishale, ubonyeze M, herufi zibadilike, sauti itoke. ALSA, mfumo wa chini wa sauti ulioanzishwa na Jaroslav Kysela mwaka 1998, uliweka chaneli zikiwa zimenyamazishwa tangu mwanzo ili spika zisije zikapiga kelele ghafla. Tahadhari nzuri. Lakini mtu wa kawaida akikosa sauti hawazii MM. Anawaza kadi ya sauti imekufa, na wapo waliokwenda dukani kununua nyingine.

Juu ya ALSA zikaja tabaka nyingine. Kwa wanamuziki ikaja JACK, kazi ya Paul Davis, yule yule aliyeanzisha Ardour, studio kamili ya kurekodi. JACK ilikuwa na wazo zuri ajabu: programu yoyote iunganishwe na nyingine, sauti ikipita kati yao kama nyaya za studio, na ucheleweshaji uwe mdogo kiasi kwamba mpiga gitaa ajisikie mwenyewe papo hapo. Ila kabla ya kusikia chochote ulikutana na dirisha la mipangilio linalokuuliza idadi ya fremu kwa kipindi na idadi ya vipindi kwa bafa. Ukiweka fremu 1,024 na vipindi 2 kwa sampuli 48,000, unapata kuchelewa kwa karibu milisekunde 43, na mwimbaji atalalamika. Ukiweka fremu 128 unashuka hadi milisekunde 5 na ushei, mwimbaji anafurahi, kisha kompyuta inashindwa kasi na sauti inaanza kudondoka vipande. Zaidi ya hapo ulipaswa kujiingiza kwenye kundi la watumiaji liitwalo audio na kuhariri faili ya mfumo ili JACK ipewe haki ya kutangulizwa mbele ya programu nyingine. Hayo yote kwa mtu aliyetaka kupiga zeze na kujirekodi.

Mimi naigawa kazi ya JACK mafungu mawili. Uhusiano kati ya ukubwa wa bafa na ucheleweshaji ni elimu ya kweli ya sauti, na kila mhandisi wa studio, awe na Linux au na mashine ya bei mbaya, anautafuta mstari huo kila siku. Uandikiwe sura nzima, kwa michoro. Ile habari ya kundi la watumiaji na faili ya mfumo ni shughuli za ndani za nyumba. Mgeni hakupaswa kuziona. Miongozo ya miaka ile iliyachanganya mawili haya katika pumzi moja, na msomaji akatoka akiamini yote ni lazima na yote ni magumu sawa.

Wakati huo huo, kwa watu wa kawaida ilikuja PulseAudio ya Lennart Poettering. Kati ya mifumo ya Linux, Fedora ikaiweka kuwa ya kawaida mwishoni mwa 2007, Ubuntu ikafuata Aprili 2008, na malalamiko yakafuata Ubuntu. Naitaja kwa sababu ni kinga dhidi ya shauku yetu sisi tunaopenda marekebisho. Nia ilikuwa hiyo hiyo ya kurahisisha, ikaletwa kabla ya madereva ya kadi nyingi kuwa tayari, na kwa muda mambo yakawa mabaya kuliko yalivyokuwa. Ikazaliwa fasihi nzima ya kuwaeleza watu namna ya kuing'oa. Kisha ikashikana na JACK: moja ikiimiliki kadi ya sauti, nyingine inakosa. Ukaandikwa mwongozo wa kuzipatanisha.

Aliyeyamaliza haya, kwa sehemu kubwa, ni Wim Taymans wa kampuni ya Red Hat na programu ya PipeWire. Fedora 34, Aprili 2021, ilikuwa toleo la kwanza la Fedora kuikabidhi sauti yote. PipeWire inajifanya PulseAudio mbele ya programu zilizoizoea PulseAudio, na inajifanya JACK mbele ya zilizoizoea JACK. Kivinjari na Ardour vinatoa sauti kwa pamoja bila kugombana. Rafu nzima ya maelekezo ikazeeka kwa mara moja. Angalieni lakini kwamba Taymans hakuanza kwa kufuta ya zamani na kuwaambia watu wajifunze upya. Alizipokea programu zao kama zilivyo. Huyo ni fundi mwenye adabu.

Adabu hiyo inanipeleka kwenye kundi ambalo wapenda marekebisho hulisahau. Audacity ina watumiaji wengi wasioona, wanaoiendesha kwa kibodi na programu ya kusoma skrini. Kwao menyu ni njia iliyokaririwa: kishale mara tatu chini, herufi fulani, ingiza. Ukihamisha amri kutoka menyu moja kwenda nyingine kwa sababu inapendeza zaidi pale, umempoteza mtu aliyekuwa akihariri kwa kasi kuliko wewe unayeona. Mwaka huo huo wa 2021, toleo 3.1 liliondoa kifaa cha kusogeza vipande, kile kilichokuwa kwenye kitufe cha F5, na badala yake ukawa unakishika kipande kichwani na kukiburuta. Kwa anayeanza ni nafuu kubwa, na naunga mkono. Kwa aliyezoea F5 kwa miaka kumi ni usumbufu, na anastahili maelezo ya heshima yanayomwambia kilichoondoka, kilichokuja, na njia ya kibodi ya kulifikia jambo lile lile. Hapo mwongozo unahitajika hasa kwa sababu programu imerekebishwa.

Mtaniuliza, nani atarekebisha? Kuandika ukurasa mmoja kunahitaji mtu mmoja na jioni moja. Kubadilisha tabia ya programu kunahitaji anayejua C++, kunahitaji kuwashawishi wanaoilinda, na wakati mwingine kunahitaji kungoja. Watafiti Nichols na Twidale waliandika mwaka 2003 kwamba watengenezaji wa programu huria mara nyingi hujitengenezea wenyewe, na wao si watu wa kawaida. Kinachomkwaza mgeni hakiwakwazi tena. Ndiyo maana watu wema wengi huishia kwenye mwongozo: ndio mlango ulioachwa wazi.

Nami nasema mlango huo unatosha, mradi mwingie na mzigo unaofaa. Donald Knuth, aliyetengeneza TeX, programu ya kupanga maandishi ya vitabu, aliandika mwenyewe kitabu cha kuifundisha, na baadaye akaeleza kwamba kuandika kwake ndiko kulikomfanya aone mengi ya kubadilisha. Akishindwa kueleza kitu vizuri, alirudi kukitazama upya kitu chenyewe. Yeye alikuwa na bahati ya kuwa mwandishi na fundi katika mwili mmoja. Sisi tumegawana vyeo hivyo, basi anayeandika ampelekee fundi anachokiona. Kila mkimaliza ukurasa wenye maneno kama "kumbuka", "hakikisha", "usisahau", fungueni pia taarifa ya hitilafu kwa wenye programu, mweleze mtumiaji alitarajia nini na alipata nini. Msiandike kwamba programu ni mbovu. Andikeni kwamba mmelazimika kutumia maneno mia tatu kueleza kitu ambacho kingepaswa kuchukua kumi.

Yupo mtu aliyelifanya hili kwa kelele. Martin Keary, mtunzi wa muziki na mbunifu anayejulikana mtandaoni kwa jina la Tantacrul, alitengeneza video ndefu akiichambua MuseScore, programu huria ya kuandika noti, kitufe kwa kitufe, kwa kejeli nyingi. Waliokosolewa wakamwajiri aongoze ubunifu wake. Kampuni ya Muse Group ilipoichukua Audacity mwaka 2021, akapewa na hiyo. Sisemi kila mkosoaji ataitwa kazini, wala sisemi enzi yake imewaridhisha wote. Mwaka huo huo kulizuka ugomvi mkubwa kuhusu mpango wa kukusanya takwimu za matumizi, na wenye programu walirudi nyuma. Nasema tu kwamba ukosoaji ulioandaliwa kwa uangalifu, ukionyesha mkono wa mtumiaji unapokwama, unawafikia mafundi.

Nina jambo la mwisho, nalo linatuhusu sisi tunaofundisha kwa Kiswahili. Tumezoea kuandika vijitabu vya Kiswahili vya kueleza skrini ya Kiingereza. Bofya pale palipoandikwa hivi, kisha pale palipoandikwa vile. Kazi hiyo ni nzito, na inarudiwa kila toleo jipya likitoka. Maneno ya skrini ya programu hizi yamewekwa katika faili za tafsiri ambazo mtu asiyejua msimbo anaweza kuzijaza mstari kwa mstari, upande mmoja asili, upande mwingine tafsiri. Ningependa nguvu zetu zianzie huko.

Na kuna faida ambayo mfasiri huipata bila kuitafuta. Anakutana na kila sentensi ambayo programu inaweza kumwambia mtu, hata zile zinazotokea mara moja kwa mwaka. Chukueni ule ujumbe wa kosa la kufungua kifaa cha sauti, ambao kila aliyewahi kurekodi kwa Audacity anaufahamu. Mara nyingine unakuja na namba: −9996 kifaa si sahihi, −9997 kiwango cha sampuli si sahihi, −9999 kosa lisilotarajiwa. Namba hizo zinatoka PortAudio, maktaba iliyo chini yake. Mtafsirie mtangazaji wa redio −9999 kwa Kiswahili fasaha kiasi chochote, bado hajui afanye nini, wakati mara nyingi ni maikrofoni iliyochomoka, au ni Windows imezuia programu kutumia maikrofoni katika mipangilio ya faragha. Mfasiri akifika kwenye mstari huo na kukosa la kuandika, amegundua kasoro iliyopo katika kila lugha. Auandikie mstari huo mapendekezo: ujumbe utaje kifaa kilichokosekana kwa jina lake, na uwe na kitufe cha kuchagua kingine papo hapo. Ayapeleke juu. Kijitabu cha semina kingeliishia kwenye sentensi ya "ukiona ujumbe huu, anzisha upya kompyuta".

Nitapokea maswali, na najua mafundi mitambo mna mengi. Baada ya hapo, kwa wanaobaki, tutachukua mwongozo mmoja wa kurekodi tunaoutumia sisi wenyewe na kuupitia kwa kalamu mbili: bluu kwa kila aya inayofundisha sauti, nyekundu kwa kila aya inayomwombea radhi mtengenezaji wa programu. Nyekundu zote tutazigeuza taarifa za hitilafu kabla ya saa kumi na moja. Wenye kompyuta za Linux wakae upande wa dirisha, tutaanza na alsamixer.